Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi Mkunga alifunga vifungo vya gauni lake la kazi kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia ulikaa mapajani, kama mgeni asiyejua aanzie wapi kusaidia. Mume wake, fundi wa kushona makochi, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakusogea. Siku aliyojaribu kumfungia kifungo, alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Katikati."

"Basi chai haitapoa."

Chai ilipoa kila siku.

Mikono hiyo ilikuwa imepokea watoto wengi hata hesabu ikampotea. Sokoni vijana wenye ndevu walimwamkia, "Shikamoo Mama," na yeye aliwakumbuka walipokuwa wadogo kama mkate. Kisha akapata kiharusi akianika nguo. Alianguka katikati ya shuka zilizolowa. Mdomo uliopinda ulinyooka. Mguu ulirudi, ingawa ulikokota kidogo. Mkono wa kulia haukurudi.

Hospitali ilimhamishia kwenye chuo chake cha wakunga, akafundishe.

"Kichwa chako kizima, Mama," mkuu wa chuo alimwambia. "Wape vijana kilichomo."

Alikubali. Angesema nini?

Somo lake la kwanza lilihusu mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Aliliandaa kwa moyo wote. Alikuwa na picha na video fupi ndani ya laptopu. Darasani aliiunganisha na projekta, picha ikatokea ukutani, wanafunzi wakatulia.

Kisha akaanza kutumia pedi ya laptopu, ule mraba mdogo chini ya vitufe vya herufi ambao mtu huugusa kwa kidole ili kusogeza mshale. Kidole cha kushoto hakikuwa na mazoea. Aligusa mara moja, slaidi zikaruka mbele. Akarudisha, picha ikavimba ikajaa ukuta mzima. Mkono wa kulia ulitetemeka, ukaangukia pedi, somo lote likafungika. Ukutani ikabaki picha ya wajukuu wake wakila mahindi, ile aliyoiweka kama pazia la laptopu.

Mwanafunzi mmoja alicheka. Huenda aliwacheka wajukuu tu. Mkunga hakungoja kujua. Alizima mashine akatoka, mguu ukikokota sakafuni, na kila mtu akausikia.

Jioni mkuu wa chuo alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma.

"Jaribu tena wiki ijayo, Mama. Ikishindikana, tutamtafuta mwalimu mwingine. Wewe utapumzika nyumbani."

Mkunga alikata simu akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Kupumzika," alimwambia mume wake. "Unajua maana yake? Kungoja kufa, lakini kwa adabu."

"Usiseme hivyo, mama watoto."

"Niseme vipi? Wodini sifai. Darasani nimekuwa kichekesho. Nimebaki wa nini?"

Fundi makochi alikuwa mtu wa misumari na sponji, si wa maneno. Kesho yake alirudi na kikasha kidogo, uso ukimng'aa.

"Miaka yote tunatega panya nyumba hii," alisema. "Leo nimemleta mmoja kwa hiari yangu."

Kilikuwa kipanya cha laptopu kisicho na waya. Kilikuwa kidogo kama ndimu na rangi yake ya dhahabu.

"Muuzaji amesema ndicho kizuri kuliko vyote."

"Alikuuliza ni cha kazi gani?"

"Aliniuliza napenda rangi gani."

Walikiwasha. Taa ndogo ilimeta chini yake. Mshale kwenye laptopu haukusogea hata kidogo. Walibonyeza huku, wakabonyeza kule. Mume alikipuliza kama redio ya zamani. Mwishowe Mkunga alikitupa ukutani, kikapasuka mgongo.

"Hata panya wamenikataa," alisema. Akageukia ukuta, hakula.

Mume alikaa kizingitini akiwa na vipande vya dhahabu kiganjani. Hapo ndipo jirani yao alipompita, akitoka kazini na mkoba wake begani. Alikuwa mpima ardhi. Mtaa mzima ulimwita Mama Ramani, kwa sababu kila mkutano wa viwanja yeye ndiye aliyeonyesha ramani ukutani.

"Shemeji, mbona kama umefiwa?"

Fundi makochi alimweleza yote. Mama Ramani alikichukua kipanya kilichovunjika, akakichungulia tumboni.

"Kilikuja na kijipande kidogo cha kuchomeka kwenye laptopu?"

"Hapana. Ni hiki tu."

"Basi hiki ni cha bluetooth, kinaungana na laptopu hewani, bila kijipande. Laptopu ya mke wako ni ya zamani?"

"Ya tangu mtoto wa mwisho yuko shule."

Mama Ramani aliingia ndani bila kungoja kukaribishwa, akawasha laptopu, akatazama.

"Haina bluetooth," alisema. "Kipanya hakikuwa kibovu, jirani. Mashine hizi mbili hazikuwa na njia ya kusemezana."

Mkunga hakugeuka. "Jirani, niache. Maji yameshanifika shingoni. Usinifundishe kuogelea."

"Sikufundishi. Kesho ninakwenda dukani. Twende wote. Ukichoka, tutarudi."

"Nitakuaibisha. Natembea kama mkokoteni."

"Mimi natembea kama bata na sijawahi kuomba radhi. Lala."

Walikwenda. Mkunga alikwenda kwa sababu kubishana kulihitaji nguvu nyingi kuliko kutembea. Duka lilikuwa jembamba, vifaa vimetundikwa mpaka darini. Mama Ramani alivuta kiti, akamkalisha.

"Sikiliza kwanza, halafu utachagua mwenyewe. Vipanya visivyo na waya ni vya namna mbili. Cha bluetooth huungana na laptopu moja kwa moja, lakini lazima laptopu iwe na bluetooth, na uviunganishe kwanza kwenye mipangilio. Cha pili kina kipokezi, kijipande kama ukucha. Unakichomeka kwenye tundu la USB, pale pale unapochomeka flashi. Hicho kinafaa laptopu yako. Hata ukipewa mashine nyingine ya chuo, unahamisha kipokezi tu."

"Na ile rimoti ya kubadilishia slaidi?" aliuliza muuzaji. "Wahadhiri wanaipenda."

"Ni nzuri kwa mtu anayesonga mbele na kurudi nyuma tu," alisema Mama Ramani. "Huyu anataka kuonyesha mahali kwenye picha, na kufungua video. Kipanya kinamtosha."

Muuzaji alimwaga vipanya mezani. Mkunga alinyoosha mkono wa kulia kwa mazoea. Vidole vilijikunja vikakwama pembeni ya kimojawapo. Muuzaji alitazama kwingine. Mkunga aliurudisha mkono mapajani, machozi yakamlengalenga.

"Kwa kushoto," Mama Ramani alisema taratibu.

"Mkono huu haujui chochote."

"Haujui bado. Shika hiki. Kimebinuka upande mmoja, kimetengenezewa mkono wa kulia. Weka chini. Hiki kimelingana pande zote. Kiganja kinajaa?"

Kilijaa. Vidole vilipata pa kupumzika.

"Bonyeza."

Hakikutoa mlio.

"Vizuri. Hakitakukatizia maneno darasani. Sasa, geuza. Unaona swichi ya kuwashia? Ukimaliza kazi unazima, betri zinadumu. Fungua mgongo. Kipokezi kimo? Usiondoke dukani kabla hujakiona kwa macho, maana kikipotea, kipanya ni jiwe."

Muuzaji alikijaribu mbele yao. Kilifanya kazi. Walichukua na betri za akiba.

Nyumbani, Mama Ramani hakugusa kitu. "Nitasema, wewe fanya."

Mkunga alibana kipanya katikati ya magoti. Aliingiza betri kwa mkono wa kushoto, alama ya kujumlisha mahali pake, alama ya kutoa mahali pake. Moja ilimponyoka ikabingirika chini ya kabati. Mume aliinama. Mama Ramani akamshika shati. Mkunga alipiga goti, akaitafuta, akaipata. Ilimchukua muda mrefu.

Alichomeka kipokezi. Akawasha swichi. Wakangoja kidogo laptopu ikitambue. Mshale ukasogea.

"Haya," alisema mume kwa sauti ya chini. "Haya!"

Mkunga hakufurahi. Aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya kile kitu cheusi. "Ndiyo kusema wa kulia hautarudi tena," alisema.

Mama Ramani alivuta kiti karibu.

"Hilo silijui, jirani. Mimi ninajua kipanya tu."

Mkunga alifuta pua. "Endelea basi. Mshale unakimbia mno."

"Fungua mipangilio, tafuta ya kipanya. Punguza kasi. Sasa, kitufe kikuu. Laptopu imezoea kuwa kidole cha shahada kiko kwenye kitufe cha kushoto. Kwako kiko kulia. Iambie kitufe kikuu kiwe cha kulia."

Alibadilisha. Kidole cha shahada kikawa ndicho kinachoamuru.

"Tafuta ya pedi pia. Weka kwamba kipanya kikiwepo, pedi izimwe. Hivyo mkono wa kulia ukiangukia pale, hakuna kitakachoruka."

Mkunga aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaubwaga juu ya pedi makusudi. Slaidi ilitulia. Aliubwaga tena kwa hasira. Ilitulia.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema fundi makochi, kwa kujaribu.

"Nani koleo hapa?" mke wake alimuuliza. Mume akaona afadhali akapike.

Jioni zilizofuata Mkunga alifanya mazoezi mbele ya mume wake. Kitufe kikuu kilipeleka slaidi mbele. Gurudumu la katikati lilipeleka mbele na kurudisha nyuma, kwa hiyo alijifunza kutoligusa ovyo. Mara nyingine alikosea, akafunika laptopu, akasema basi, imetosha. Mume alingoja. Halafu laptopu ilifunguliwa tena.

"Kumbe damu ikizidi, kwanza mnaita wenzenu," mume alisema siku moja, akikata vitunguu. "Hamkai peke yenu na mgonjwa."

"Ndiyo. Huwezi peke yako. Mama anaweza kufa ukiwa umemshika mkono."

Alisikia alivyosema.

Siku ya somo alifika darasani mapema, kama Mama Ramani alivyomshauri, ajaribu vifaa kabla wanafunzi hawajaingia. Meza ilikuwa ya kioo. Aliweka kipanya juu yake. Mshale ulirukaruka, kisha ukaganda.

Akilini aliona tena picha ya wajukuu ukutani. Alisikia kile kicheko. Alishika mkoba wake aondoke kwa mlango wa nyuma kabla hawajafika. Lakini kabla ya kuondoka alimpigia jirani yake simu, labda ili amlaumu mtu.

"Kimekufa!"

"Meza ya nini?"

"Kioo."

"Macho ya kipanya kile hayaoni vizuri kwenye kioo. Weka karatasi chini yake. Usikilaani bure."

Aliweka karatasi. Mshale ukatii. Wanafunzi wakaanza kuingia. Mkuu wa chuo aliketi nyuma kabisa.

Mkunga alifundisha. Alipotaka picha, ilikuja. Alipotaka kuonyesha mahali, mshale ulikwenda pale pale. Aliifungua video, akaisimamisha, akawauliza, "Mwenzenu kwenye video amesahau nini?" Mikono ikainuka. Aliyecheka wiki iliyopita ndiye aliyejibu.

"Hajaita msaada, Mama."

"Hajaita. Na ninyi msisahau."

Kipindi kilipokwisha, mkuu wa chuo alimfuata kwenye korido.

"Darasa ni lako, Mama. Sitatafuta mwingine." Kisha akatazama viatu vyake. "Ila kuna jambo. Madaktari wamekaa kikao. Wodi ya uzazi hawatakurudisha. Hata baadaye. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia pembeni."

Mkunga aliitikia kwa kichwa. Alijua tangu siku ya shuka zilizolowa. Kujua hakukumsaidia. Aliingia chooni, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa kiganja cha kushoto. Aliililia mikono yake. Hakuna kifaa duniani ambacho kingempokelea mtoto badala yake, naye akausikia mikononi ule uzito wenye joto ukitua.

Aliponawa uso, kengele ya kipindi cha pili ilikuwa inalia. Alirudi darasani. Wanafunzi walisimama.

"Kaeni," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza, hakuificha. Alikiwasha kipanya juu ya karatasi yake, akabonyeza, picha ya mtoto mchanga ikajaa ukuta. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba na mwili umelegea.

"Huyu amezaliwa na hajalia," Mkunga aliwaambia. "Watu chumbani wameshaanza kunong'ona. Sogezeni viti mbele. Nataka niwafundishe kwa nini hatumkatii tamaa."