Pini Isiyogongwa

Kila alasiri, baada ya kuvua sare za shule, Patasi alikuwa na kazi moja asiyoweza kuikwepa: kuvikalia viti. Mama yake alikuwa fundi wa viti vya kukunja, na hapakuwa na kiti kilichotoka katika karakana yake kabla ya kufunguliwa, kukaliwa, kutikiswa na kukunjwa tena. Patasi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ulimi wake, uliochonga watu bila kujali wapi pataumia.

Siku hiyo alivikalia viti kana kwamba kila kimoja kilikuwa kimemtukana.

"We mtoto," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye msumeno, "hicho kiti ni cha mteja, si cha adui yako. Nani amekuudhi?"

"Hakuna, mama."

Alikuwapo. Aliitwa Redio, mvulana wa darasa lake, ambaye wenzake walimwita hivyo kwa kuwa hawakuwahi kuona kitufe cha kumzimia.

Mambo yalianzia katika klabu ya ufundi shuleni. Wanafunzi walikuwa wamebishana kuhusu roboti za katuni, zile ambazo ukifumba macho ni gari na ukifumbua ni jitu refu kuliko nyumba. Nusu ya klabu iliapa kwamba zinaweza kuundwa. Nusu nyingine ilicheka. Ndipo mwalimu wa sayansi alipouliza swali lililowanyamazisha wote.

"Jitu likishasimama, magurudumu yamekwenda wapi? Na milango je? Mchoraji wa katuni akizidiwa na kipande, anakifuta. Ninyi mkononi hamna kifutio, mna mbao na bati."

Akawapa kazi. Kila mmoja aunde gari linalogeuka mtu, kwa sharti moja: hakuna kutoa kipande, hakuna kuongeza. Litakaloshinda lingepelekwa kwenye maonyesho ya shule zote.

Patasi aliunda basi. Lilikunjuka vizuri, isipokuwa kioo cha mbele, ambacho hakikupata pa kukaa. Kila mara kiligonga mkono wa kushoto na kuuzuia usishuke. Angeweza kuanza upya, lakini alichoka. Siku ya kuonyesha kazi darasani, kabla ya mashindano yenyewe, alipoinama kulikunjua basi, alikichomoa kioo kwa vidole viwili na kukitumbukiza katika mfuko wa sketi. Roboti ikasimama. Darasa likapiga makofi.

"Mwalimu!" Redio alipaza sauti. "Basi limeondoka, kioo limekiacha mfukoni!"

Mwalimu alimtaka ageuze mfuko. Kioo kikaanguka sakafuni, na kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Tangu siku hiyo jina la Patasi lilikufa shuleni. Akawa Mfukoni. Hata watoto wa darasa la kwanza walimkimbilia uwanjani: "Mfukoni, tuazime kalamu! Tazama vizuri, haikosekani!"

Patasi alitabasamu mbele yao, lakini ndani alichemka kama chungu kilichofunikwa. Alipopiga mswaki alimuwazia Redio. Alipofanya hesabu alimuwazia Redio. Atakiona cha mtema kuni, alijiambia. Nitamwaibisha mbele ya watu wengi kuliko wale, na yeye ajue jinsi inavyouma.

Hakujua njia, mpaka njia ilipokuja yenyewe na kubisha hodi.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Redio alisimama mlangoni akiwa amekumbatia lori la mbao nyepesi na bati. "Nimekosa bawaba za kifua, mama. Nimetumia waya, lakini unapinda. Nikasema nije kwa fundi."

Mama alilizungusha lori mikononi. "Umefanya kazi nzuri. Kuna bawaba pale kwenye kopo, zimebaki katika viti vya zamani. Chukua, siziuzi. Patasi, mfungie mwenzako."

"Ahsante sana, mama," alisema Redio. Alipomkaribia Patasi alinong'ona, "Mambo, Mfukoni."

Patasi alikuwa analitazama lori, na lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Sehemu ya mizigo iligawanyika kuwa miguu. Milango ilizunguka nyuma ikawa mikono, wala haikugusana popote. Kifua kilikuwa bati moja pana lililoshikwa kwa ndoano. Ukiifungua ndoano, springi mbili zililivuta bati juu, na kichwa kikachomoza kutoka chini yake. Hakuna kilichotolewa. Hakuna kilichoongezwa.

"Liache hapa," alisema. "Ulifuate kesho."

Redio alimtazama kwa shaka. "Mbona unanisaidia?"

"Si umesikia mama alivyosema?"

Alipobaki peke yake, Patasi alifunga bawaba kwa uangalifu mkubwa. Mama alikuwa amemfundisha kwamba pini ikishapitishwa ndani ya bawaba, ncha zake zote mbili hugongwa kwa nyundo mpaka zipanuke kama uyoga, la sivyo itachomoka kidogo kidogo. Patasi aligonga ncha moja. Ya pili akaiacha, akaipaka rangi ili isionekane. Alilifungua bati na kulifunga, akaiona pini ikisogea unywele mmoja. Akatabasamu. Redio angejaribu lori lake nyumbani, lingekubali. Angejaribu tena, lingekubali. Kisha siku ya mashindano, mbele ya shule nzima, pini ingechomoka na kichwa cha roboti kingedondoka na kubingirika sakafuni. Usiku huo alilala usingizi mtamu.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Watoto wa darasa la kwanza waliketi mbele, na miongoni mwao alikuwamo Pipi, dada mdogo wa Redio.

"Wageni waheshimiwa na wasio waheshimiwa!" Redio alianza, watu wakacheka. "Lori hili halina siri wala mfuko. Hata mtoto mdogo analiendesha. Pipi, njoo ufungue ndoano."

Pipi alipanda jukwaani huku akiruka ruka kwa furaha. Ili lori lisiteleze, aliushika ukingo wa kifua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaenda kwenye ndoano.

Patasi aliviona vile vidole. Akaziona na springi, zimenyooshwa na kukazwa. Alikuwa amewaza kichwa kikidondoka. Hakuwa amejiuliza hata mara moja pini ikitoka, springi zitalivuta bati wapi. Sasa alijua: chini, juu ya vile vidole. Nafasi ya kupaza sauti ilikuwapo. Neno moja tu, "Subiri!", lingetosha. Lakini nikisema, aliwaza, wataniuliza nimejuaje.

Akanyamaza.

Bati lilipanda nusu, likachomoka upande mmoja, likarudi chini kwa kishindo kama mtego wa panya. Pipi alipiga yowe ambalo Patasi hakuwahi kulisikia likitoka kwa mtu mdogo namna ile. Kichwa cha roboti kilidondoka kweli, kikabingirika mpaka ukingo wa jukwaa. Hakuna aliyekitazama.

Mwalimu alikifunga kidole cha Pipi kwa leso, na mwalimu mwingine akambeba mtoto kumpeleka zahanati. Kisha mwalimu wa sayansi akamgeukia Redio. "Sikuwaambia mpime kila kiungo?"

"Nimepima, mwalimu! Haki ya Mungu nimepima, likakubali!"

"Kidole cha mtoto hakisemi hivyo. Umetolewa katika klabu. Na lori hili halitakanyaga maonyesho."

"Leo redio imezimwa!" sauti moja ilisema kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

Patasi alifungua mdomo acheke pamoja nao. Hiki ndicho alichokuwa amekitamani alipolala na alipoamka. Akafunga mdomo, akatazama mlango ambao Pipi alipitishwa.

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Mama alikuwa amevua aproni na alikuwa akijitanda mtandio.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa kina Redio. Bawaba zile zimetoka kwangu. Kitu kilichotoka katika karakana hii kimemuumiza mtoto wa watu. Lazima nikaombe radhi, na baba yake akinitukana, nitapokea."

"Usiende."

"Nisiende? Makosa yangu nimwachie nani?"

Patasi alitazama mikono ya mama yake, iliyojaa makovu madogo ya patasi na nyundo. Mikono hiyo ndiyo ingekwenda kubeba aibu isiyo yake.

"Si makosa yako," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Pini sikuigonga. Upande mmoja. Niliacha makusudi."

Mama alivuta kiti akaketi.

"Huyo kijana alikufanya nini?"

"Aliniaibisha! Mbele ya darasa zima! Aliwaambia kioo cha basi langu kipo mfukoni."

"Kilikuwa wapi?"

Patasi alishika mfuko wa sketi yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Kioo kilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Basi," mama alisema, akainuka. "Jifute uso. Twende."

Baba yake Redio alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa duka. Pipi aliketishwa kwenye kiti kirefu cha wateja, kidole kimefungwa bendeji nene kama gunzi la mahindi. Ukucha ungetoka, daktari alikuwa amesema, lakini mfupa ulikuwa salama. Redio alisimama kando yake, macho mekundu.

Mama alisalimia, kisha akamsukuma binti yake mbele kidogo. Patasi aliyasema yote. Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea. Mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa hakudai nusu ya pili.

Redio alikuwa wa kwanza kusema. "Ulimwona anaweka mkono?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Redio alimrukia, baba yake akamdaka kwa ukosi. "Niachie, baba! Niachie nimwonyeshe! Kesho shule nzima itajua. Nitalitangaza mpaka sauti inikauke!"

"Huna haja," Patasi alisema. "Nitalisema mwenyewe."

Kinyozi alimgeukia Patasi huku bado amemshika mwanawe. "Binti, nina hasira, sitakudanganya," alisema. "Lakini umeingia mlangoni kwangu kwa miguu yako. Lipeleke neno hilo shuleni, kama ulivyoahidi."

Asubuhi iliyofuata Patasi alisimama mbele ya klabu. Alieleza jinsi alivyoificha ncha ya pini kwa rangi, na jinsi alivyoviona vidole vya Pipi akafunga mdomo. Hakuna aliyecheka. Ukimya ule ulimuuma kuliko vicheko vyote vya nyuma. Mwalimu alimrudisha Redio katika klabu na kumwomba msamaha mbele ya wenzake kwa kumhukumu haraka. Patasi alikatazwa kwenda kwenye maonyesho, na akapewa kazi ya kulitengeneza lori.

Alilitengenezea karakanani, mama akiwa pembeni. Safari hii aligonga ncha zote mbili. Kisha akaongeza kizuizi cha mbao ngumu chini ya bati, ili hata springi zikikatika, bati lisishuke mpaka mwisho. Kizuizi hicho kilikuwa na mahali pake wakati wa lori na wakati wa mtu. Alihakikisha hilo kwanza.

Alipolirudisha shuleni, mwalimu aliweka chaki chini ya kifua, akafungua ndoano na kulisukuma bati chini kwa nguvu zake zote. Likagota kwenye kizuizi. Chaki ilibaki nzima.

"Chaki si kidole cha dada yangu," Redio alisema. Alimkazia macho Patasi. "Weka kidole chako."

"Redio!" mwalimu alikemea.

Lakini kidole cha Patasi kilikuwa kimekwisha kuingia. Klabu nzima ilisogea. Redio aliweka viganja vyake viwili juu ya bati. Akavuta pumzi, akasukuma.

Bati liligota. Kati yake na kidole palibaki nafasi ya kupita kalamu.

Redio aliondoa mikono, akaifuta kwenye suruali kama aliyeshika kitu kichafu.

Mwalimu alilivuta lori upande wake. "Mchezo huo nisiuone tena, kwenu nyote wawili," alisema kwa ukali. Kisha akashusha sauti. "Patasi, uliunda kisasi chako kwa akili nyingi. Ulijua pini itatoka lini na kichwa kitaanguka wapi. Lakini kisasi hakichagui kidole. Ukishakiachia, kinamkamata aliye karibu. Ukikosolewa kwa kweli, tengeneza kazi yako. Ukionewa, njoo useme. Na ukiona hatari, paza sauti, hata kama sauti hiyo itakuumbua wewe mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

Kengele ilipolia, wenzao walitoka mbio. Redio alijaribu kulibeba lori peke yake, lakini kizuizi kilikuwa kimeliongezea uzito, likamzidi.

"Bado sijakusamehe," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Najua, najua," Redio alimwiga. "Shika huko nyuma basi, mbona umesimama? Na usilitikise."

Patasi akashika.