Lori la Ngozi Getini kwa Tabita

Jumatatu ile ilianza kama siku zote mtaani kwao Tunduma. Tabita alifagia uwanja, akainjika chai, akafungua geti, akakutana na tairi. Jirani yake Ezron alikuwa ameegesha tena lori lake hapo hapo, na mbele ya nyumba yake mwenyewe kuko wazi kabisa. Kwake alikuwa amepanga pevingi mpya, vile vitofali vya kukanyagia, eti hataki zichafuke. Kwa mwenzie kuchafuke tu!

Na uchafu wenyewe usiulize. Ezron alikuwa akibeba ngozi mbichi za ng'ombe kutoka machinjioni, zimekunjwa na chumvi na mafuta yake. Maji meusi yalichuruzika kutoka kwenye bodi, yakatuama getini, na humo funza weupe wakawa wanajinyonganyonga. Tabita alitema mate mpaka koo likakauka.

"Barabara ya serikali hii, shemeji," Ezron alimjibu alipolalamika, mswaki mdomoni.

Ndani kwa Tabita alikuwa amelala mama mkwe wake, Eva, hoi kwa ugonjwa. Bibi yule aliomba jambo moja tu. "Siku yangu ikifika, mwanangu, unitoe kwa geti la mbele, nikiwa msafi." Tabita akaahidi.

Siku yenyewe ikawa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Ibada ya kuaga ilipokwisha Jumamosi asubuhi, gari la kwenda kuzika kijijini kwao Itaka lilikuwa likisubiri barabarani, na lori la ngozi liko pale pale. Ezron alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, simu haipatikani. Vijana walisukuma, lori halikutikisika. Geti lilifunguka nusu tu. Jeneza likapitishwa chini ya bodi, waliolishika wakitambaa na kuziba pua. Tone likaangukia kitambaa cheupe. Likafuata jingine. Funza mmoja akatua juu ya msalaba. Tabita akamtoa kwa kidole, kisha akatapika mbele za watu.

Yonathani, mdogo wake marehemu, aliinama akanong'ona kwenye jeneza. Kwenye ukoo wao maiti huagwa kwa kuambiwa anakokwenda, lakini Yonathani, kwa hasira, alimwambia mengine.

"Dada, si sisi tuliokupaka huu uchafu. Mwenye gari unamjua."

Wakaenda, wakazika.

Tabita alirudi baada ya siku nne, mchana. Mbele ya geti kulikuwa wazi. Lori lilikuwa juu ya pevingi za Ezron, likichuruzika, na Ezron ameketi chini, midomo imempauka.

"Shemeji," alinong'ona. "Amekaa kiti cha abiria. Tangu Jumamosi. Mwambie ashuke."

"Nani?"

"Unamjua."

Tabita alichungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini sponji ilikuwa imebonyea. Na mkanda ulikuwa umefungwa.

Alitamani kumwacha yule mchafu akome. Kilichomchoma ni mama. Aliomba usafi, na sasa amekalishwa kwenye uvundo! Akafungua mlango, akasema yale aliyozoea kumwambia kila walipotoka hospitali.

"Mama, shuka. Twende nyumbani."

Hakutaja Itaka. Alisema nyumbani.

Mkanda ukafyatuka. Sponji ikainuka, taratibu. Ezron akaangua kilio cha furaha.

Tabita alimpigia Yonathani simu, akamweleza yote.

"Umemwambia nyumbani?" mzee akauliza. "Nyumbani kwa nani, mkwe wangu?"

Tabita akageuka, akaingia kwake. Chumba cha marehemu alikiacha wazi, kitanda kitupu, godoro limesimamishwa ukutani. Sasa mlango ulikuwa umefungwa. Kwa komeo la ndani.

Fundi aliuvunja kabla jua halijazama. Hapakuwa na mtu, na dirisha lilikuwa na nondo. Godoro lilikuwa kitandani, limetandikwa vizuri, mito miwili. Mmoja ulikuwa na alama ya kichwa. Wa pili ulikuwa mto wa Tabita, wa chumbani kwake alikofunga alipokwenda kuzika, na ufunguo wa chumba hicho alikuwa bado ameufunga kwenye pindo la kitenge.