Sisomi Vipande

Mvua ilipoishukia Tukuyu asubuhi ile ya Jumamosi, soko zima lilikimbilia chini ya bati la karibu. Subilaga alijikuta ndani ya duka la vifaa vya ofisi, amebanwa kati ya mama aliyekumbatia jogoo na vijana wawili waliokuwa wakibishana mambo ya mpira. Alikuwa amevaa sweta jekundu na sketi ndefu ya kijivu, na nywele alizosuka jana yake zilikuwa zimeshalowa. Alikuwa mhadhiri wa uchumi wa kilimo katika chuo kikuu kilicho nje kidogo ya mji, na alikuja kununua karatasi za manila za kufundishia.

"Manila zimekwisha, madamu," alisema mwenye duka. "Za mwisho amechukua huyu bwana."

Huyu bwana alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la kijani, na amezikumbatia manila zake kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike.

"Zote?" Subilaga aliuliza.

"Zote, dada. Samahani."

"Unafungua kiwanda?"

"Nina wanafunzi wagumu sana. Hawaelewi mpaka wachorewe."

"Basi mgumu si mwanafunzi, ni mwalimu."

Duka zima lilicheka, hata mama wa jogoo. Yule bwana naye alicheka, akaanza kuhesabu manila ili wagawane. "Chukua nusu. Ila unisalimie kwanza, maana umeanza na matusi."

"Ugonile," alisema Subilaga, kwa salamu ya kwao.

"Ndaga," alijibu, lakini kwa lafudhi iliyomfanya mama wa jogoo ageuke kumtazama vizuri.

"Mnyakyusa wa wapi wewe?"

"Wa Morogoro, mama. Baba alitoka Kisiba akaenda kutafuta kazi, akasahau njia ya kurudi. Mimi ndiyo nimeitafuta."

Jina lake lilikuwa Asukile. Subilaga aliondoka na manila zake akitabasamu peke yake barabarani.

Jumatatu tabasamu hilo lilikauka. Wahadhiri wote waliitwa ukumbini kwenye mafunzo ya kufundisha na kulea wanafunzi, na mkufunzi aliyesimama mbele, manila zake zimebandikwa ukutani, alikuwa Asukile.

"Kumbe wale wanafunzi wagumu ni sisi," Subilaga alimnong'oneza Agness, mhadhiri mwenzake na rafiki yake.

"Unamjua?"

"Namjua kwa manila tu."

Agness alimtazama yule mkufunzi kutoka viatu hadi nywele. "Mzuri. Lakini uwe macho, shoga yangu. Watu wanasema uongozi umemleta atuchunguze. Mwaka huu mikataba inapitiwa."

Na kweli, mbinu mojawapo ya Asukile ilimtia kila mtu wasiwasi. Katikati ya muhula angeingia darasani kwa mhadhiri, amwombe mhadhiri atoke nje, kisha abaki na wanafunzi awaulize ni nini kinawasaidia kujifunza na ni nini kinawakwamisha. Baadaye angemweleza mhadhiri yaliyosemwa, bila kumtaja aliyesema. Uongozi usingeambiwa chochote.

"Na tukuamini kwa lipi?" Subilaga aliuliza mbele ya watu.

"Msiniamini," alisema Asukile kwa upole. "Nitazameni tu. Mkiona nimetoboa siri ya mtu yeyote, nifukuzeni."

Siku hiyohiyo aliwaomba wahadhiri waeleze jinsi wao wenyewe walivyosimamiwa walipokuwa wakiandika utafiti wao. Subilaga alisimama kwa fahari. "Profesa wangu alikuwa na sheria moja: 'Sisomi vipande.' Hupeleki ukurasa, unapeleka sura nzima. Ndivyo nilivyojifunza kazi, na ndivyo ninavyowasimamia wangu."

Asukile alimtazama kidogo, akatingisha kichwa, akampa nafasi mwingine.

Zamu ya Subilaga ilipofika alitoka darasani, akasimama chini ya mti wa msindano. Kupitia dirishani aliona mdomo wa Asukile ukiuliza na midomo ya wanafunzi wake ikijibu. Wakati fulani darasa zima lilicheka. Aliuzunguka mti ule kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Majibu yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia: wanafunzi walipenda mifano yake ya chai na ndizi, ila alikuwa akienda kasi. "Na wanakuogopa," aliongeza Asukile.

"Kuogopwa kidogo si vibaya."

"Kidogo, si vibaya."

Basi, mapenzi yalianzia katika mazungumzo ya namna hiyo. Yalianza kwa chai ya maziwa baada ya kazi, yakaendelea kwa matembezi ya Jumapili baada ya ibada, ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe na kuyafunika mashamba ya chai. Asukile alimwita "mwalimu wangu" na alijifunza Kinyakyusa kwake vibaya mno. Subilaga alimwita "Morogoro".

"Morogoro, umekula?"

"Nimekula ndizi."

"Nyumbani kwenu huwa mnakula nini?"

"Ndizi hizohizo, ila hatuzijui majina."

Asukile alipomwomba ampeleke kwao Lupepo awaone wazazi wake, Subilaga alisema atafikiri. Ukweli alikuwa ameshafikiri, na jibu lilikuwa ndiyo. Alichosubiri ni kuzoea furaha. Huko nyuma, Iringa, aliwahi kuchumbiwa na mwanamume aliyekuwa akitoka nje kila simu yake ilipolia, mpaka siku Subilaga alipoletewa kadi ya kuchangia harusi ya mtu huyohuyo na mwanamke mwingine.

Kisha simu ya Asukile nayo ikaanza kulia.

Ililia wakiwa matembezini, akasogea kando kwenye michai na kuongea kwa sauti ya chini. Ililia wakiwa kwa fundi cherehani. Kila Subilaga alipouliza, Asukile alisema, "Kazi, mpenzi," na macho yake hayakutulia. Hayo macho ndiyo yaliyomsumbua. Mtu huyu hakujua kusema uongo, na hapo alikuwa akijaribu.

Agness alizidisha wasiwasi. "Mimi sipendi umbea."

"Agness, unaupenda."

"Haya, naupenda. Nimemwona nyuma ya maktaba na yule binti wako, Esnath wa mwaka wa tatu. Binti analia, yeye ameinama anambembeleza. Mimi sisemi kitu. Nimesema nilichoona."

Esnath! Mwanafunzi aliyesimamiwa na Subilaga mwenyewe, msichana mpole wa Masukulu mwenye uso wa kupendeza, ambaye siku hizi hakuonekana hata darasani. Subilaga alianza kukumbuka mambo na kuyapanga, na kila alivyoyapanga yalikaa vizuri zaidi, kwa ubaya.

Siku ya soko walikuwa wakila mchana katika mgahawa ulio karibu na stendi. Asukile alivaa shati jeupe alilonyooshewa na mwenye nyumba wake, Subilaga gauni la kitenge cha bluu. Simu ilikuwa mezani kati ya sahani. Ilipolia, wote wawili waliliona jina: Esnath.

Asukile alinyoosha mkono. Subilaga aliuwahi.

"Pokea hapa."

"Suba, naomba nitoke mara moja."

"Pokea hapahapa, mpenzi. Nami ni mwalimu wake, tutamsalimia wote."

Simu ililia mpaka ikakata.

"Huyo ni Esnath wangu?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Yeye?" Sauti yake ilipanda, na watu wa meza ya jirani wakaacha kutafuna. "Unamliza binti wa watu nyuma ya maktaba, halafu unaniletea mimi ahadi?"

"Si unavyofikiri."

"Basi niambie nifikirie nini!"

Asukile aliigeuza simu kifudifudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, katika baridi ile ya Tukuyu. "Siwezi, Suba. Hata kama utaniacha."

"Basi nimekuacha."

Aliondoka bila mwavuli. Asukile alimpigia siku hiyo na siku zilizofuata, hakupokea. Alimwandikia ujumbe: "Sijakusaliti. Nakuomba subira." Subilaga aliufuta, kisha akajuta kuufuta, kisha akakasirika kwa kujuta.

Angeweza kunyamaza, na watu wengi wangenyamaza. Lakini palikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi ya wivu. Ikiwa mkufunzi aliyeletwa kuwafundisha namna ya kulea wanafunzi alikuwa akimchezea mwanafunzi, basi ilimpasa yeye, msimamizi wa binti, kusema. Na kabla ya kusema ilimpasa ajue. Akachukua bodaboda hadi Masukulu.

Alimkuta bibi wa Esnath akimenya ndizi mlangoni.

"Karibu, mwanangu, karibu sana. Ndaga fijo kwa kutukumbuka," alisema bibi, akampa kigoda kabla hata hajauliza jina. "Esnata yupo mgombani. We Esnata! Una mgeni!"

Esnath alitokea kati ya migomba, panga mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Alipomwona mgeni, panga lilimwanguka.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Twende tuzungumze." Walisogea hadi ukingoni mwa shamba, na Subilaga hakuzunguka. "Una nini na Dokta Asukile?"

Msichana alikodoa macho. "Nina nini naye vipi, madamu?"

"Simu. Machozi nyuma ya maktaba. Usinifiche, sikuja kukuadhibu. Kama amekukosea, nitasimama na wewe."

Esnath alielewa taratibu, na alipoelewa alijifunika uso kwa viganja. "Mungu wangu! Hapana, madamu. Hapana! Dokta hajanikosea kitu. Mimi..." Alishindwa, akaanza upya. "Mimi nimeacha chuo, madamu. Kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu?"

"Nilikuja ofisini kwako na ukurasa wangu wa kwanza. Ukasema husomi vipande, niondoke, nirudi na sura nzima. Nikaenda nikajaribu. Nilikuwa sijui hata kama nimeanza sawa. Nikarudi kuuliza, ukaniambia vilevile kabla sijakaa. Wenzangu wakaendelea, mimi nikabaki hapohapo. Siku Dokta alipobaki nasi darasani sikusema, nilimfuata baadaye. Nikamwomba anisomee yeye. Akakataa."

"Alikataa?"

"Alisema msimamizi wangu ni wewe, na unajua kazi hii kuliko yeye. Kila nikimpigia ananiambia, 'Rudi kwa madamu.' Nikamwambia ninaogopa. Akasema basi nimruhusu akueleze. Nikamwambia akikueleza naacha chuo siku hiyohiyo." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Na nimeacha vilevile. Nilimpigia kumuaga, hakupokea."

Subilaga alikaa chini, kwenye majani yenye unyevu, na gauni lake. Alimkumbuka profesa wake na ile miezi aliyolia chumbani peke yake akiamini yeye ni mjinga. Miaka yote hii alikuwa akiusimulia mwisho wa hadithi ile tu, ule wa ushindi.

"Huo ukurasa bado unao?"

"Umechakaa, madamu."

"Ulete."

Esnath aliuleta. Ulihusu wakulima wa Masukulu, kwa nini huwauzia ndizi walanguzi shambani badala ya kuzipeleka sokoni. Subilaga aliusoma polepole, akarudia.

"Swali lako liko hapa, mstari huu wa mwisho," alisema hatimaye. "Umelificha chini. Lipandishe juu, uanze nalo. Ni swali zuri, Esnath. Mimi sijawahi kujiuliza."

Binti alimtazama kana kwamba hakusikia. Bibi aliita kwamba ndizi zimeiva, na walikula wote watatu wakiuzungumza ule ukurasa, bibi akisahihisha mambo ya walanguzi.

Kesho yake mchana, Subilaga alimkuta Asukile nyumbani alikopanga, amekaa barazani akijaribu kuwasha mkaa uliolowa. Alikuwa hajanyoa, na sweta lake lilikuwa ndani nje.

"Esnath ameniambia," alisema Subilaga, amesimama. "Kwa hiari yake. Jumatatu anarudi."

Asukile alivuta pumzi ndefu. "Ashukuriwe Mungu."

"Ungesema basi hata kwamba ni mambo ya masomo yake!"

"Ungejua papo hapo kwamba analalamika juu yako. Ungemwita ofisini jioni hiyohiyo."

Subilaga alitaka kukataa. "Ningemwita," alikubali. "Tena kwa ukali."

"Hata hivyo nilikosea. Nilisema 'kazi, mpenzi' huku natazama pembeni kama mwizi. Afadhali ningesema tangu mwanzo kwamba kuna jambo siwezi kukuambia."

"Ningekushuku vilevile."

"Najua."

Subilaga alichuchumaa, akamnyang'anya upepeo, akaanza kuupepea ule mkaa yeye mwenyewe. Moshi uliwaingia wote machoni.

"Nisikilize, Asukile." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tangu wapendane. "Sitakudanganya kwamba nimepona. Simu yako ikilia kesho nitakushuku. Mwakani ikilia nitakushuku. Nitakuuliza ni nani. Ukisema huwezi kunijibu nitakasirika, nitafunga milango kwa kishindo. Halafu nitapika, na tutakula."

Asukile alifuta macho, mekundu kwa moshi.

"Mbona hiyo ni posa?"

"Kwetu mwanamke haposi," alisema Subilaga, bila kuacha kupepea. "Nakueleza tu hali ilivyo, ili ukiposa uwe unajua unachoposa."

"Najua." Alipiga goti pale penye majivu, suruali na yote. "Suba, utakubali kunishuku mpaka tuzeeke?"

Mkaa ulishika. Subilaga aliweka upepeo chini, akamvua sweta lake, akamvisha upande ulio sawa, kwanza mkono mmoja, kisha mwingine, kama mke.

"Nitakubali," alisema. "Sasa inuka, watu wanatutazama."