Daftari la Masikio ya Bibi

Kabla hajafika mlangoni, Kasuku alijua kwamba bibi yake anasikiliza taarifa ya habari. Mtaa mzima ulijua. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na fundi viatu wa nyumba ya pili alikuwa akigonga soli kwa mkono mmoja huku mwingine ukiziba sikio.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi hakugeuka.

"Shikamoo, bibi!"

"Eh?"

Kasuku akatua mkoba wake wa shule, akazunguka kiti, akasimama mbele ya uso wa bibi na kuamkia kwa mara ya tatu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unapiga kelele kama unafukuza kuku?"

Ndivyo maisha yalivyokuwa katika nyumba ile. Kila neno lilisemwa mara tatu, na msemaji alikuwa mmoja. Mama yake alikuwa mwoka mikate. Alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na unga kwenye nyusi, hana nguvu hata ya kujibu salamu. Basi mgeni akibisha hodi, Kasuku alirudia maneno yake kwa bibi. Jirani akileta habari, Kasuku alirudia. Ndiyo maana bibi alimpa jina hilo akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa na kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda. Zamani lilimchekesha. Siku hizi lilimchosha, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Bibi mwenyewe alikuwa ameishi kwa masikio yake. Zamani, mtu akitaka kupiga simu alizungumza kwanza na mwunganishaji, naye ndiye aliyechomeka waya kwenye ubao na kukuunganisha na unayemtaka. Bibi alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Mtaani walimwita Bibi Simu, na alijisifu kwamba aliwahi kuwatambua wateja wake kwa kikohozi tu. Lakini umri ukienda, masikio nayo huchoka. Sasa hata mlango ukigongwa kwa ngumi hakusikia.

Miezi mitatu nyuma, hospitali ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta wazee wa kusaidia kujaribu dawa mpya. Dawa hiyo huenda ingerudisha usikivu unaopotea kwa uzee, huenda isingerudisha. Hakuna aliyejua, na ndiyo maana ya kujaribu. Bibi alielezwa kila kitu kwa maandishi makubwa, akauliza maswali yake, kisha akatia sahihi.

"Utakunywa kidonge kimoja cha njano kila jioni baada ya kula," alieleza muuguzi wa utafiti, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Nusu ya wazee wanapewa dawa yenyewe. Nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Nani amepata kipi, hata mimi sijui."

Kasuku alirudia hayo yote sikioni kwa bibi. Bibi akacheka.

"Yaani mnaweza kunilisha unga mtupu, nami nikawashukuru?"

"Inawezekana, bibi. Tukijua nani ana nini, tutaanza kuona yale tunayotamani kuyaona."

Kisha muuguzi alimkabidhi Kasuku daftari la kijani. Kila jioni angesimama hatua tano nyuma ya bibi, asome maneno kumi kutoka kwenye orodha, kila neno mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Bibi angerudia alichosikia, na Kasuku angeandika kwa wino idadi ya maneno aliyopatia.

"Huu si mtihani wa bibi," muuguzi alisema akimtazama machoni. "Ni mtihani wa dawa. Hapa hakuna kufeli."

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi.

Kwa miezi miwili alifanya kama alivyoagizwa. Tatu. Nne. Tatu. Mbili. Nne. Bibi aliketi ameipa orodha mgongo, mikono juu ya magoti, shingo imenyooka kama aliyerudi kazini. Neno la mwisho likisemwa, aligeuka haraka.

"Ngapi?"

Kasuku alimwonyesha vidole vitatu.

"Haiwezekani. Turudie."

Walirudia. Wakati mwingine walirudia mara tatu, kisha bibi alianza kukunja na kukunjua upande wa khanga yake. Vyombo vilikuwa vinasubiri, hesabu za mwalimu zilikuwa zinasubiri, na Kasuku alilala akiwa na koo linalowasha.

"Kwani bibi yako anajua amepata ngapi?" binti wa fundi viatu alimwuliza siku moja walipokuwa wakitoka shuleni. Huyo alikuwa rafiki yake wa chanda na pete.

"Atajuaje? Hajui neno lililosemwa."

"Sasa si umwambie namba ya kumfurahisha, ukaendelee na shughuli zako? Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshamaliza hesabu."

Jioni ile bibi alipata tatu. Aligeuka, akauliza, "Ngapi?" na Kasuku, ambaye alikuwa amesinzia mara mbili darasani mchana, alijiona ananyoosha vidole sita.

"Sita!" Bibi alipiga makofi. "Nilijua! Nilihisi kitu kinafunguka humu ndani!" Hakusema turudie. Aliinuka akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi Kasuku alimaliza hesabu zake mapema.

Aliandika sita kwenye daftari. Angeandika nini kingine, wakati bibi alilifungua kila asubuhi kulitazama?

Kesho yake aliandika sita tena. Kisha saba. Aliona aibu, lakini aibu ile ilikuja na nafasi ya kupumzika, naye alikuwa amechoka kuliko alivyoona aibu. Mama yake alilipitia daftari Jumapili, akamkumbatia bibi, wote wawili wakatokwa na machozi. Kasuku akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Siku ya mwisho ya jaribio ilifika, na mama akaomba ruhusa kazini ili waende wote. Hospitalini walikaa kwenye benchi refu la mbao. Muuguzi alikuja na karatasi mbili mkononi na habari moja njema.

"Mama, bibi huyu alikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri kifaa cha kusikilizia, kile cha kuvaa sikioni. Zamu yake imefika. Kwa kuwa leo anamaliza vidonge, anaweza kukichukua. Akikikataa, atapewa anayefuata, naye bibi atarudi mwisho wa orodha. Orodha yenyewe ni ya mwaka mzima na zaidi."

Kasuku alirudia maneno hayo kwa bibi, na kabla hajamaliza bibi alikuwa ameshainua mkono.

"Apewe mwingine mwenye shida. Mimi dawa imenikubali. Saba, mwanangu! Niko kwenye saba! Nipe hiyo karatasi niitie sahihi ya kukataa."

Kasuku alitaka kusema ukweli. Badala yake aliinama, akafunga upya kamba za viatu vyake.

"Tupime kwanza, bibi, kisha utasaini," alisema muuguzi.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo kilichoandaliwa ili sauti ya nje isiingie, wakamvika visikizi kichwani. Kila akisikia mlio alipaswa kubonyeza kitufe. Kupitia kioo cha dirisha Kasuku alimwona amekaa vilevile, shingo imenyooka, kidole juu ya kitufe. Fundi wa vipimo aliongeza mlio, akaongeza tena. Kidole hakikushuka. Dakika zilipita nyingi kabla hakijabonyeza mara ya kwanza, na bibi alitabasamu kama mtoto aliyejibu swali.

Muuguzi aliweka matokeo mezani kando ya daftari la kijani. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Sielewi," alisema polepole. "Chumba kinasema masikio yako ni yaleyale ya siku ya kwanza. Daftari linasema yamepona karibu nusu. Viwili hivi haviwezi kuwa kweli pamoja."

Mama alimtazama Kasuku, na safari hii alirudia mwenyewe kwa bibi. Bibi alinyanyuka nusu kutoka kitini.

"Mashine yenu mbovu! Mjukuu wangu haongopi. Huyu ndiye masikio yangu. Leteni hiyo karatasi nisaini!" Akaichukua kalamu mezani.

Hapo Kasuku aliona heri ardhi ipasuke immeze. Angepigwa, angevumilia. Kutetewa hakukuvumilika. Alikwenda mbele ya bibi, akaushika mkono wenye kalamu.

"Bibi, usisaini. Mimi ndiye niliyeongopa. Hukupata sita wala saba. Ulikuwa unapata tatu, na nne."

Alisema mara moja tu. Hakuhitaji kurudia, kwa sababu bibi alikuwa akimtazama mdomo. Kalamu ilirudi mezani taratibu.

Kasuku alilia, akaeleza yote, mpaka hesabu na usingizi wa darasani, kisha akamwomba muuguzi kifutio au rangi nyeupe afute namba za uongo.

"Hapa hatufuti," muuguzi alijibu. Hakupaza sauti, na hilo lilimwuma Kasuku zaidi. "Ungefuta, mtu mwingine angejuaje kwamba palikosewa? Unapiga mstari mmoja juu ya namba, ili bado isomeke. Kando unaandika 'si kweli', unatia sahihi na tarehe. Je, namba za kweli unazikumbuka?"

"Hazikuzidi nne. Lakini sikumbuki siku ipi ilikuwa ipi."

"Basi usikisie. Pabaki wazi. Kuna wazee mia mbili katika jaribio hili. Wengine wakikosea kwa huruma au kwa uchovu kama wewe, dawa isiyofaa itaonekana inafaa, na watu watainywa bure."

Zilikuwa siku kumi na tisa. Kasuku alipiga mistari kumi na tisa, akaandika maneno yaleyale mara kumi na tisa, na mkono ukamwuma. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya kurudi aliiona ndefu sana. Ilipoisha, muuguzi alitia sahihi chini ya ukurasa, kisha akaichana karatasi ya kukataa kifaa.

Juma lililofuata bibi alivishwa kifaa. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, na hakikufanya miujiza. Kwenye kelele nyingi bado aliuliza, "Eh?" Lakini jioni ile, waliporudi nyumbani, alisimama ghafla sebuleni.

"Mlango huu unalia hivi siku zote?"

"Siku zote, bibi," alijibu Kasuku kwa sauti ya kawaida, mara moja.

"Na mlikuwa mnaniachia redio ipige kelele namna ile? Masikini fundi viatu!"

Walicheka, wote watatu, kicheko cha watu waliochoka. Kisha bibi akaketi na kumwita Kasuku karibu. Kuhusu lile daftari alikuwa hajasema neno tangu hospitalini.

"Nikuulize, ulikuwa umechoka?"

"Nilichoka sana, bibi. Kila siku kurudia, kila siku."

"Nami sikuona. Hilo ni kosa langu, na mama yako pia analo fungu lake." Mama aliinamisha kichwa. "Kuanzia leo vyombo ni zamu yangu. Mikono yangu si viziwi. Lakini lako nalo lisikie. Miaka thelathini na mmoja niliunganisha watu. Kuna siku laini ilikuwa mbovu, na mpigaji analia anataka habari za mgonjwa wake. Unajua tulifundishwa nini? Laini ikiwa mbovu, unamwambia mpigaji kwamba laini ni mbovu. Hutungi jibu la kumfurahisha. Ukilitunga, atafurahi usiku mmoja, na asubuhi atakosa kwenda kumwona mgonjwa."

Kasuku aliinama. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe tangu uliponishika mkono. Mtu akichoka, aseme amechoka, mwanangu. Asiandike sita."

Alimfuta machozi kwa upande wa khanga, akanyanyuka, akaenda jikoni kuosha vyombo. Alivigonga sana. Kila sahani aliisikia, na hakuacha hata moja ipite bila kuigonga.