Uwanja Tulioufyeka

Chumba cha nyuma cha ghala la ngozi, Singida mjini, kilinuka kama mzoga. Ndiyo maana Alute alikichagua. Hakuna balozi wa nyumba kumi ambaye angeingiza pua humo kuuliza maswali.

Walikuwa watatu. Alute alichuchumaa, akachora sakafuni kwa chaki.

"Ndege iko hapa Singida. Mzee Kosta anaiuza, anarudi kwao Ulaya. Mimi ndiye mnunuzi, Anselm ndiye rubani wangu. Tunaomba kuijaribu hewani. Haturudi."

Akavuta mstari kwenda kaskazini. Kinyangiri. Huko Fabiano angewangoja na pipa la mafuta na meno ya tembo yaliyofichwa chini ya mabua. Wangejaza mafuta, wapakie, wavuke mpaka.

Alute alikuwa dalali wa ng'ombe, mdomo asali, moyo jiwe. Anselm aliwahi kurusha ndege za kunyunyizia dawa kwelea-kwelea walao nafaka, mpaka pombe ikamfukuzisha kazi. Hao wawili walitaka utajiri. Fabiano hakutaka utajiri. Msituni Itigi yeye na majangili wenzake walifumaniwa na Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, juu ya mzoga wa tembo, na Fabiano ndiye aliyefyatua risasi iliyomuua. Sasa jina lake lilikuwa katika kila kituo cha polisi, toka Manyoni mpaka Kiomboi. Akikamatwa, ni kitanzi. Alitaka kiti tu. Kiti kimoja kwenye ndege ile.

"Kiti changu kipo?" aliuliza.

"Kipo," alisema Alute.

Anselm akayatazama matope kwenye viatu vyake. Kisha akauliza uwanja ukoje huko.

"Safi," alisema Fabiano. "Hauna kisiki wala kichuguu. Tuliufyeka wenyewe kwa msaragambo, kijiji kizima, mwaka wa sitini na nane."

Hapakuwa na aliyeuliza kwa nini wakulima wa mtama wafyeke uwanja wa ndege. Majambazi werevu kweli hao, na swali la mtoto mdogo likawapita.

Fabiano alipotoka, Anselm alisema lile lililomkwama kooni. Kwenye miinuko hii, jua likishawaka, ndege ile na mzigo ule itapaa na watu wawili. Watatu haitanyanyuka.

"Basi tutakuwa wawili," Alute alisema. "Na wewe funga domo lako."

Akalifunga.

SAA TATU ASUBUHI. SINGIDA.

Alute alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikakaa kama ubao. Aliizunguka ndege, akagonga bawa, akaguna kama anayemkagua dume mnadani. Mzee Kosta alimfuata nyuma akisifia injini, akipapasa pangaboi kwa kiganja. Alikuwa anaiuza kwa uchungu, hilo lilionekana.

Mzee alitaka kupanda nao. Alute akamwambia kwa heshima zote kwamba angependa kwanza kuona rubani wake anavyoiweza peke yake. Kisha akamkabidhi mkoba wa ngozi, uliofungwa, mzito. Malipo yote yamo humo, alisema, mzee autunze mpaka watue.

Kosta aliukumbatia. Ndani yake mlikuwa na magadi.

Ndege ilipaa, ikazunguka mji mara moja, ikaelekea kaskazini. Mzee alibaki amekinga jua kwa mkono, akingoja irudi.

SAA NNE. KINYANGIRI.

Fabiano alikuwa amelala kifudifudi kando ya mabua, bunduki pembeni. Siku ile aliichagua mwenyewe kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa, mbali. Hata mbuzi walikuwa wachache.

Hakupapenda pale. Mama yake alifia njiani akipelekwa hospitali Kiomboi, juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa mabegani, naye Fabiano alikuwa mmoja wa wabebaji. Mwaka uliofuata wanakijiji walishika majembe na mapanga, wakafyeka uwanja ili ndege ya daktari iweze kutua. Yeye alifyeka kwa hasira kuliko wote.

Mngurumo ukaja. Ndege ikatua, ikasimama, vumbi likaifunika. Wakafanya kazi bila maneno: mafuta kwenye tangi, meno nyuma. Jasho liliwatiririka.

Anselm ndiye aliyewaona kwanza. Wanaume wanne walikuwa wakija mbio kutoka upande wa nyumba, kitanda begani. Nyuma yao mwanamke mzee, kanga kaifunga kiunoni.

"Ni akina nani hawa?"

Fabiano alijua. Kinyangiri ukisikia ndege, unabeba mgonjwa.

Wakatua kitanda karibu na bawa. Juu yake alilala Selina, msichana aliyecheza naye utotoni, tumbo juu, midomo imekauka. Yule mzee alikuwa Dorkas, mkunga wa kijiji. Bunduki mkononi, Fabiano akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ana uchungu tangu juzi, mtoto kakaa vibaya. Daktari yuko wapi?"

"Hii si ndege ya daktari, mama. Mrudisheni."

Dorkas aliyatazama meno ya tembo, akamtazama yeye. Hakusogea.

Alute alikuwa ameshaingia mbele. Akamwamuru Anselm awashe. Fabiano akakimbilia mlango, akakuta bastola inamtazama.

"Wewe unabaki," Alute alisema. "Nilikuwa nakubembeleza tu."

Risasi ilimpitia Fabiano begani. Hakuanguka. Alimdaka Alute kwa shingo ya suti, akamvuta nje, wakabiringishana vumbini mpaka bunduki ikalia katikati yao. Fabiano akainuka. Alute hakuinuka.

Wale wanaume wanne walikuwa wamelala chini. Lakini hakuna aliyekimbia. Kukimbia kungekuwa kumwacha Selina, na ndege ilikuwa pale.

"Panda, Fabiano!" Anselm alipaza sauti. "Sasa tuko wawili tu, wewe na mimi. Twende!"

Akapanda. Akakaa. Kiti kilikuwa cha moto kwa jua, nacho kilikuwa chake. Mpaka, uhai, vyote mbele ya pua yake. Alifurahi, tusidanganyane.

Dorkas akasogea mlangoni. Hakulia, hakupiga magoti.

"Fabiano," alisema. "Tulifyeka wote."

Basi.

Fabiano alitazama mbele, kwenye ule mstari mweupe wa ardhi usio na kisiki. Aibu ilimpanda kama homa. Akamtukana mkunga moyoni, akamtukana Mungu, kisha akashuka, akaanza kuyatupa meno nje kwa mkono mmoja.

Walimlaza Selina nyuma. Alikishika kidole cha Fabiano, hakutaka kukiachia, ikabidi akichomoe. Dorkas alikaa mbele, na Fabiano akamwekea bastola ya Alute mapajani.

"Kiomboi," alimwambia Anselm. "Ukipindisha kwingine, mama atakupiga."

Dorkas hakujua hata bastola inashikwaje. Anselm hakujua kwamba hajui.

SAA TANO KASOROBO.

Ndege ilijivuta, ikanyanyuka kwa shida mwisho wa uwanja, ikaelekea Kiomboi. Fabiano alikaa juu ya meno, damu ikimlowesha shati, akaisikiliza mpaka mlio ukaisha. Bunduki alikuwa ameitupa. Miguu ya kukimbia alikuwa nayo bado, ila hakuwa tena na pa kukimbilia.

Yeremia, mmoja wa wale wabebaji, alikuwa baba mkwe wa Selina na balozi wa nyumba kumi. Alikuwa amepiga magoti kwenye kitanda kitupu, akifungua kamba kwenye miti yake, polepole. Akaja nayo.

"Asante, mwanangu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sasa lete mikono."

Fabiano akaileta.