Ndewe za Galaksi

Soko la Kitengela lilikuwa limefurika siku ambayo mikono miwili ilidaka sweta moja la kijani kwenye rundo la mitumba.

"Chukua wewe, mrembo," Sankale akasema. "Mimi niko na shuka."

Wanjira, msichana wa haya, alicheka akitazama viatu vyake. Alikuwa akisomea galaksi chuoni; Sankale aliuza dawa za mifugo. Kufikia mvua za Aprili alikuwa akimpigia simu kila jioni.

"Nyota yangu, umeshinda ukihesabu wenzako?"

"Wacha ujinga, Sankale!"

Siku moja Sankale alimtumia picha ya mama yake, aliyeishi kijijini Ewuaso Kedong: shanga kifuani, masikio yaliyotobolewa ndewe yakining'inia kwa madaha. "Yeyo anataka kukuona," aliandika, akimwita mama kwa Kimaasai. Jioni akapita kwa Wanjira. Mlangoni akamsikia akiongea na rafikiye kwa simu.

"Caro, hizo ndewe zimefura vibaya! Hata hazilingani. Hiyo picha siwezi kuonyesha watu."

Sankale aligeuka akaondoka. Tangu hapo hakushika simu za Wanjira.

Wiki ilipokwisha, Wanjira alivaa lile sweta, akajikaza, akaingia dukani kwake.

"Nimekukosea nini?"

"Ulimcheka mama yangu. Masikio yake."

"Mimi?" Akakumbuka simu ya Caro. Kisha akaelewa, akatoa simu na kumwonyesha doa dogo lenye mawingu mawili mekundu, moja kila upande. "Ndewe ni hizi! Katikati ya galaksi hutoka mikondo miwili ya gesi, kasi ajabu. Ikigonga gesi iliyotulia mbele, inazua wimbi la mshtuko, halafu inarudi nyuma na kutanda, kama maji ya mpira yakigonga ukuta. Nilikosea hesabu kwa kompyuta, wingu moja likafura."

"Na mbona uite ndewe?"

"Kwa Kiingereza ni 'lobes', kama za sikio; nilikosa neno la Kiswahili." Akainamisha kichwa. "Halafu ukanitumia picha ya yeyo. Nikaona masikio yake yalivyo mazuri, nikalipata."

Sankale aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka hadi machozi.

"Wanjira, nisamehe. Nilikuwa nimeshapanga tuje kwa baba yako, mimi na wazee. Na yeyo anauliza kila siku unaenda lini. Nimekuwa nikimdanganya ati uko na homa."

Wanjira alimpangusa shavu kwa mkono wa sweta.

"Basi mpigie," akasema. "Mwambie nimepona."