Sauti ya Pili Katika Ukumbi wa Mylapore

Kabla Poorvaja hajafungua kinywa kuimba, spika ya kushoto ilikuwa tayari inavuma. Haukuwa ule mvumo wa mitambo unaozoeleka hata mtu akausahau. Huu ulipanda kidogo, ukashuka, kama mtu anayejaribu koo lake nyuma ya mlango.

Mama yake, Alamelu, aliusikia akiwa safu ya mbele, akakunja uso. Haukupatana na nyuzi za tambura, iliyokuwa ikimshikia mwimbaji sauti ya msingi. Siku hiyo hakutaka kasoro yoyote. Miaka yote Poorvaja alikuwa akipewa saa za mchana, awaimbie wazee wanaosinzia wakisubiri dosa, chapati nyembamba za mchele, za kantini. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa jioni. Ukumbi umejaa, wajuzi wote wa muziki wa mtaa wa Mylapore wamekaa wamekunja mikono, wanamngoja akosee.

Wimbo wa kwanza haukufika mbali.

"Fundi! Tunasikia ngoma tu, mwimbaji yuko wapi?" mzee mmoja alifoka.

"Punguza ngoma!"

"Punguza nini? Ongeza fidla!"

"Elewaneni kwanza wenyewe, halafu mniambie!" Kathiresan, fundi wa mitambo, alijibu kutoka pembeni mwa jukwaa, na watu wakacheka.

Alamelu hakucheka. Alikuwa akipiga mapigo ya wimbo pajani kwa kiganja, na kiganja chake kilikuwa kimeanza kukosea. Poorvaja alipomaliza mstari, spika ilikuwa bado inaumalizia. Baada ya muda, spika ilimfikia. Kisha ikampita: neno lilisikika kwenye spika, ndipo midomo ya Poorvaja ikalitamka.

Pamoja na hayo ikaja harufu. Ilikuwa ya maua ya asumini, lakini asumini yaliyooza, yaliyosahaulika kwenye nywele za mtu aliyelala siku nyingi.

"Unaisikia sauti hiyo?" Alamelu alimnong'oneza Bibi Komalam, aliyeketi kando yake, ambaye hakuwahi kukosa tamasha hata moja katika ukumbi ule tangu ujana wake.

Bibi Komalam alikuwa ameshika mkono wa kiti mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Nyamaza, mwanangu. Sauti hiyo naijua."

"Ya nani?"

"Pankajam." Alilitamka jina kwa pumzi tupu. "Aliimba hapo hapo alipokaa binti yako. Alipitisha muda wake, wakubwa wa ukumbi wakamzimia kipaza sauti. Yeye akaendelea kuimba. Tuliona mdomo unafunguka na kufumbika, hatukusikia kitu. Watu wakaanza kuinuka kwenda kantini, wengine wanamcheka. Akaanguka kifudifudi, na hakuamka tena. Wimbo wa kufunga hakuwahi kuumaliza."

 Alamelu aliinuka, akamwendea Kathiresan ameinama. "Kaka, zima mitambo. Zima yote, tafadhali."

Fundi alimgeukia, uso umelowa jasho. Mkononi alikuwa ameshika nyaya. "Mama, nimeshazing'oa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Nimezing'oa tangu wimbo uliopita."

Spika zikanyamaza ghafla. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, na kabla pumzi hiyo haijaisha, sauti ile nzito, pana, ya mwanamke mtu mzima, ilitoka ndani ya kinywa cha Poorvaja. Mpiga fidla aliuachia upinde ukaanguka. Mpiga ngoma alirudi nyuma kwa makalio mpaka akagota pazia. Poorvaja aliimba mstari mmoja wa wimbo wa kufunga, akaurudia, akaurudia tena, kila mara akikatika mahali pale pale na kuanza upya, bila kumeza mate, bila kuvuta pumzi, midomo ikigeuka samawati, damu ikimchuruzika puani hadi kwenye hariri ya sari, na macho yake, macho ya mtoto aliyezama kisimani, yakimtafuta mama yake katika ukumbi ambao watu walikuwa tayari wanakanyagana kuwahi milango.

"Usipande!" Bibi Komalam alimshika nguo. "Ngoja aitwe kuhani!"

"Mpaka kuhani afike nitakuwa nazika!"

Alamelu alipanda. Kule juu kulikuwa na baridi, na asumini ilimkaba koo. Alikaa mbele ya binti yake, magoti kwa magoti, akamshika mikono. Ilikuwa kama kushika vyuma.

"Dada Pankajam," alisema. "Walikukosea. Mimi nimekusikia. Lakini huyu ni mtoto, kifua chake hakikubebi. Mwachie. Njoo kwangu."

Kichwa cha Poorvaja kiligeuka taratibu. Kilimtazama, kikamchunguza shingo.

"Wewe unaimba?" sauti iliuliza.

"Niliimba. Niliacha nilipoolewa."

"Basi fungua kinywa."

Alifungua. Kitu kilimpita kooni, baridi kama maji ya mtungi, kikakaa. Mbele yake Poorvaja alivuta pumzi kwa kelele na kuanguka ubavu, analia kwa sauti yake mwenyewe. Na Alamelu, ambaye jirani zake hawakuwahi kumsikia hata akiimbia chungu jikoni, aliimba. Alifika pale mstari ulipokuwa ukikatika, akapavuka. Aliimba wimbo wa kufunga mpaka neno la mwisho, bila kipaza sauti, na sauti ikafika mpaka safu ya nyuma, ambako wachache waliobaki walisimama vinywa wazi, machozi yanawatoka bila wao kujua.

Harufu ikaisha. Joto likarudi. Bibi Komalam akakutanisha viganja kifuani. "Ameridhika," alisema. "Amekwenda."

Kathiresan aliwaitia bajaji, akawasindikiza mpaka mlangoni. Njiani Poorvaja alilaza kichwa begani mwa mama yake. Koo lilimuuma, lakini lilikuwa lake.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini hukuwahi kuniambia kuwa unaimba hivyo?"

 Alamelu alikuwa akitazama taa za barabarani zikipita, anatabasamu kidogo, kiganja chake kikipapasa koo taratibu kama mtu anayepapasa kitambaa kipya.

"Mama?"

Uso wa mama yake ukamgeukia.

"Binti," ile sauti nzito, pana, ikasema, "kesho ninaimba ukumbi gani?"